Kunywa Baada ya Dorika

Siku tuliyomzika Dorika huko Mwandiga, mchungaji aliniomba niseme maneno machache kwa niaba ya marafiki wa marehemu. Nilisimama. Nikasema alikuwa mfinyanzi hodari, mcha Mungu, mama wa watoto sita, na kwamba tulifahamiana tangu tukiwa wasichana. Kisha nikakaa. Watu walidhani nimezidiwa na majonzi, na mjukuu wake mmoja akaniletea kiti chenye mgongo. Hayakuwa majonzi peke yake. Neno nililopaswa kulisema sikulisema, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo, wajukuu walipokuwa wakizungusha maji ya kunywa, nilimwona mzee mmoja wa kutoka kwetu, mtu wa rika langu, akiingiza mkono mfukoni na kutoa kikombe chake mwenyewe cha plastiki. Akamwambia yule mtoto kwa upole kabisa, "Nimiminie humu, mjukuu wangu." Mtoto akammiminia wala hakushangaa. Vijana wa siku hizi hudhani ni mambo ya usafi. Lakini mdogo wangu Raheli, aliyekaa nami jamvini, alinibana mkono, nami nikaubana wake. Sisi wawili tulijua kikombe kile kilikuwa na maana gani.

Basi nimeona niandike. Macho bado ninayo, namshukuru Mungu, na asubuhi mkono wangu hautetemeki sana. Habari za ukoo wangu na za vilima tulikotoka nitaziacha. Wengine wamekwisha kuzieleza vizuri kuliko mimi, na nyingine sipendi kuzigusa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na saba, tangu siku tulipoteremka Kagunga tukiwa wakimbizi hadi siku mama yangu alipoomba maji.

Kwanza sharti nieleze jambo ambalo msomaji wa Kigoma huenda halijui, na msomaji wa kwetu Burundi analijua mno hata halisemi. Kwetu waliishi Watwa, watu waliofinyanga vyungu. Hapakuwa na nyumba isiyo na chungu chao. Tulipikia maharage ndani yake, tuliweka maji ndani yake, hata pombe ya mtama ya harusi ilichachukia ndani yake. Lakini Mtwa mwenyewe akija alikaa nje, na akipewa kinywaji alipewa kwenye kigae au jani la mgomba, vitu ambavyo vingetupwa akishaondoka. Hakuna aliyetia mdomo mahali ulipopita mdomo wa Mtwa. Aliyefanya hivyo alihesabiwa kuwa mmoja wao: hakuozwa, hakualikwa, watu walipisha njia akipita. Wahutu na Watutsi, waliokuwa hawapatani kwa mengine yote, katika hili walikuwa kitu kimoja. Sikumbuki kufundishwa hayo. Nilikua nayo kama nilivyokua na lugha. Nilikuwa najua kusoma, najua katekisimu kwa moyo, najua kwamba Mungu aliumba watu wote, na wala sikuona kwamba mambo hayo yanagombana.

Kagunga ni ufuko mwembamba, ng'ambo tu ya mpaka wa Burundi. Mbele ni ziwa, nyuma ni mlima uliosimama kama ukuta, na wakati ule hapakuwa na njia ya kutoka isipokuwa boti. Tuliteremka mlima ule sisi watatu, Mama, mimi na Raheli mwenye miaka sita, tukakuta watu wamejaa mchangani hadi hapakuwa na mahali pa kunyoosha mguu. Kila mtu alikuwa anasikiliza. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko njaa: watu maelfu wakisikiliza kama kuna boti inakuja, na papo hapo wakisikiliza mlimani nyuma kama kuna anayewafuata. Mtoto akikohoa, watu waligeuka. Jiwe likiporomoka, akina mama walivuta watoto wao karibu. Tulijibanza kando ya jirani yetu wa nyumbani, Mama Bukuru, mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyejua habari za kila mtu. Alikuwa amefika siku moja kabla yetu, na alikuwa na blanketi na kopo. Kopo letu lilipotea mlimani, kwa hiyo tulinywea lake, na kila aliponipa alisema, "Lishike vizuri, Marita, hilo ndilo baba yenu na mama yenu sasa."

Maji tuliyateka pale pale ukingoni, walipooga watu na kufulia. Siku ya pili Raheli akaanza kuharisha na kutapika. Kufika asubuhi ya siku ya tatu alikuwa hatapiki tena kwa kuwa hakuwa na cha kutapika, na macho yake yalizama ndani. Ukimfinya ngozi ya mkono, ilibaki imesimama. Mtoto wa familia iliyokuwa mbele yetu alikuwa amekufa kwa namna hiyo hiyo jana yake, na nilikuwa nimemwangalia hatua kwa hatua, kwa hiyo nilijua ni hatua ipi inayofuata. Niliomba. Niliomba vibaya, nakiri, kama mtu anayegombana: nilimwambia Mungu kwamba tumetembea siku tisa na Raheli mgongoni, na haiwezekani awe ametuacha tufike ili mtoto afe kando ya maji.

Upande wa mawe, hatua kama ishirini kutoka kwetu, palikuwa na msichana amekaa peke yake. Usingeuliza ni nani. Katika ufuko ule ambapo watu walilala wakibanana magoti, yeye alikuwa na nafasi tupu pande zote, duara zima la mchanga, kana kwamba kuna kamba imezungushwa. Alikuwa na chungu kidogo, mafiga matatu, moto, na kikombe cha udongo kisicho na mkono. Mama yake alifia njiani. Huyo alikuwa Dorika, na tulilingana umri.

Alikuja asubuhi ile ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakutukaribia. Aliinama, akakiweka juu ya jiwe mbali kidogo nasi, kama walivyofundishwa watu wake, akarudi nyuma ndipo akasema, "Mama, mdogo huyu anakauka. Haya nimeyachemsha na unga kidogo na chumvi. Mama yangu alisema maji ya watu wengi hayanywewi mabichi."

Mama Bukuru ndiye aliyejibu, tena hakumjibu Dorika, alituambia sisi. "Yoo! Tumefika huko? Tumeacha nyumba, tumeacha ng'ombe, sasa tunaacha na adabu?" Watu wakageuka. Mama alimtazama Mama Bukuru, akamtazama Raheli, akatazama zile nyuso zote. Kisha akanyoosha mguu, akakipindua kikombe kwa kidole cha mguu. Uji ule mwepesi ukaingia mchangani mara moja, kama haukuwahi kuwapo. Dorika alikuja akakiokota kikombe chake, akakipangusa mchanga, akarudi kwenye duara lake.

Jua lilipofika kichwani, Mama alijilaza, akajifunika uso kwa kanga yake iliyochakaa. Mama Bukuru alikuwa amekwenda kuulizia boti, na kopo lake amelichukua. Nilimwita Mama mara mbili, polepole. Hakuitikia. Nilimpandisha Raheli mgongoni, nikaenda kama mtu anayempeleka mtoto kujisaidia, nikazunguka nyuma ya mawe. 

Dorika hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mlaze hapa kwenye kivuli. Usimpe kwa haraka, atatapika. Funda moja, hesabu mpaka ishirini, funda jingine." Nilikishika kikombe kile kwa mkono wangu, nikakigusisha midomo ya mdogo wangu. Nilikuwa nahesabu, na katikati ya kuhesabu nilikuwa nachungulia nani anakuja. Kilipokwisha akajaza kingine. Mimi mwenyewe nilikuwa na kiu ya kuzimia. Aliliona hilo, akaninyooshea. "Na wewe." Nikatikisa kichwa. "Sina kiu," nikamwambia, na midomo yangu ilikuwa imepasuka. Alinitazama kidogo, akakirudisha kikombe, akanywa yeye. Hakununa. Afadhali angenuna.

Tulikwenda hivyo mara tatu kwa siku, siku tatu, kila Mama alipolala na kujifunika uso. Siku ya nne Raheli aliomba ugali. Mama alilia, akasema Mungu amesikia, na Mama Bukuru akasema ni kwa sababu alimsugua mtoto tumbo kwa majivu. Jioni boti ikaja, tukapanda. Sikumuaga Dorika. Niliangalia upande mwingine mpaka mawe yale yakawa madogo.

Ujiji tulipokewa na mwanamke Mwislamu, mjane, Bi Zaina, aliyetupa chumba kimoja kwenye ua wake. Nikifumba macho naweza kukieleza chumba kile hata leo: dirisha moja la mbao lililotazama uani, kitanda cha kamba cha Mama, mkeka wetu sisi wawili, ukuta wenye alama ya mafuta pale alipokuwa akiegemea mpangaji aliyetutangulia. Harufu ya mawese iliingia asubuhi na kukaa mpaka tunalala. Bi Zaina alikaanga migebuka kwa mawese hayo, akatuwekea kwenye sinia moja na watoto wa ndugu zake, na Mama, ambaye hakuwa amewahi kula sinia moja na watu asiowajua, alikula kwa ncha za vidole siku za kwanza. Bi Zaina alimcheka. "Kula, Mama Marita, samaki hana kabila. Hebu mtazameni, anamdonoa kama kuku!" Tulimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye kila asubuhi alituitikia marahaba, kisha akatuuliza kwa nini Warundi tunaamka na nyuso kama tumesikia habari mbaya. Alikuwa na utani mkali. Alituambia wakimbizi wote tunanuka moshi. Lakini hakuwahi kufunga mlango wa jiko lake.

Mama alipata vibarua vya kulima. Mimi nilitwanga mihogo na Bi Zaina, na Jumamosi alasiri nilikwenda kanisani kwenye darasa la kipaimara, maana nilikuwa nimebatizwa lakini sikuwa nimewekewa mikono na askofu. Watu wa nyumbani waliotawanyika Ujiji na mtaa wa Mwanga walikuwa wakija chumbani kwetu Jumapili baada ya ibada. Walijaa kitandani, mkekani, mlangoni. Walibadilishana habari za nani yuko hai, nani kaonekana, nani mtoto wake ameposwa. Hatukuwa na kitu kingine. Hatukuwa na shamba, hatukuwa na kaburi la mtu wetu la kwenda kufagilia, tulikuwa na wale watu kumi na watano tu. Ndiyo maana niliishi kwa hofu. Raheli alikuwa mtoto, na mtoto hana kufuli mdomoni. Siku moja akicheza uani nilimsikia anahesabu, "Funda moja, moja, mbili, tatu," mpaka ishirini, akinywesha mdoli wa gunzi la mahindi. Nilimvuta ndani, nikamfinya. Nikamwambia akisema habari za maji yale watu wote watatukimbia, na Mama atakufa kwa uchungu. Aliniangalia, akauliza, "Dorika amefanya nini?" Nikamfinya tena.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bi Zaina alisema amepata mfinyanzi mzuri, msichana wa Kirundi anayekaa karibu na mto Luiche, anayepata udongo huko huko, na amemwagiza mtungi. Nilijua ni nani kabla hajafika. Akaja Jumapili, wakati chumba kimejaa. Nilimwona kupitia dirisha lile la mbao: mtungi mkubwa kichwani juu ya ngata, shingo imenyooka, na kikombe kile cha udongo kimefungwa kiunoni kwa kamba ya mgomba. Bi Zaina alimpokea, akausifu mtungi, akaugonga kwa kidole kusikia mlio wake, akamwambia akae barazani apumzike. Dorika akafungua kikombe chake, akachota maji kwenye mtungi wa zamani wa barazani, akanywa. Kabla sijainuka, Raheli alikuwa amekwisha kukimbia. Alimkumbatia magotini, akakichukua kikombe mkononi mwake kama kitu cha kwao, akanywa maji yaliyobakia.

Mama alitoka, akampiga Raheli kofi, la kwanza na la mwisho katika maisha yake. Mama Bukuru akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakumtazama Dorika. Alinitazama mimi.

"Mtoto huyu amemjulia wapi?"

Nikasema, "Hatumjui."

"Hamumjui, naye anamkumbatia?"

"Amemfananisha na mtu," nikasema. "Hatumjui, Mama Bukuru. Hatujamwona popote."

Hakuna jogoo aliyewika. Dorika alikichukua kikombe chake kutoka mikononi mwa Raheli aliyekuwa akilia, akakifunga kiunoni, akamwambia Bi Zaina, "Mtungi usiutie maji leo, uache ukauke siku mbili." Akaondoka kwa mwendo ule ule. Bi Zaina alikuwa ametazama yote. Alikuja akaegemea mlango wetu. "Hebu nielewesheni," alisema. "Mtungi amefinyanga nani? Yeye. Kaukanda kwa mikono yake, kautemea mate kulainisha ukingo, mimi nimemwona. Maji yatakaa humo mchana kutwa na mtayanywa. Sasa mnachoogopa ni mdomo wake tu? Wallahi nyie watu mna mambo. Mie nilidhani nyote Warundi." Hakuna aliyecheka. Mama Bukuru alisema mambo ya kwetu mgeni hayaelewi, na mazungumzo yakarudi kwa wafu na wachumba. Tangu siku ile watu wetu hawakunywa tena kwenye mtungi wa barazani. Walikuja na vibuyu vyao.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Dorika darasani. Alikaa benchi la nyuma, peke yake, na kijinafasi kile kile kimemzunguka. Kumbe mwalimu mmoja wa misheni alikuwa amembatiza akiwa mdogo. Miezi minne tulikaa chumba kimoja tukijibu maswali yale yale. Nani alikuumba? Mungu ndiye aliyeniumba. Sauti yake ilitoka nyuma yangu, na kila mara niliisikia kabla ya kuisikia yangu. Hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia. Nilikuwa nalala na sentensi moja, naamka nayo: nitamwomba radhi kesho. Kila kesho ilinikuta nimeangalia upande mwingine. Nilijiambia nasubiri tupate faragha. Faragha ilikuwapo, niliikimbia.

Wiki moja kabla askofu hajaja, akina mama wa kwetu walikwenda kumwona mchungaji. Nilikuwa nafagia kanisa, nikasikia. Kwetu tulipokea ushirika kwa kikombe kimoja, kinachopita mdomo hadi mdomo, na hapo ndipo palipowauma. Mama Bukuru ndiye aliyesema. "Baba Mchungaji, hatukatai asipokee. Sisi si watu wabaya. Apokee, lakini awe wa mwisho, watu wote wakishamaliza." Mchungaji, Mha mpole aliyependa watu wakae vizuri, alikubali. "Basi iwe hivyo," akasema, "kwa ajili ya amani." Mama yangu alikuwamo miongoni mwa wale wanawake. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Mimi niliwekwa wa kwanza katika mstari wa wasichana kwa kuwa nilijua kusoma. Palikuwa pia na jambo jingine nililoambiwa na Mama usiku wa kuamkia siku ile wakati akinisuka: familia moja ya Mwanga ilikuwa imetuma mtu kuulizia habari zangu, na mtu huyo atakuwa kanisani. "Usikose chochote kesho," Mama aliniambia. "Hatuna kitu kingine ila jina."

Askofu alituwekea mikono mmoja mmoja. Kisha ukafika wakati wa Meza ya Bwana. Mchungaji akanikonyeza nianze. Sikuinuka. Watu wa kwanza walinipita, wakafikiri ninasali. Wakanipita wengine. Nilimwona Mama kwenye safu za wanawake ananitolea macho, akinionyesha kwa kidevu: nenda, nenda. Mstari wa wasichana ukaisha, wa wavulana ukaisha, watu wazima wakapanda wakashuka. Nilijua vizuri sana kitakachotokea, maana nilikuwa nimeona mara nyingi jinsi watu wanavyompisha mtu njia. Nilikuwa nahesabu pumzi, na nilipojisikia, nilikuwa nahesabu mpaka ishirini.

Dorika akainuka kutoka nyuma. Aliponipita, nikainuka, nikamfuata. Alisikia nyayo, akageuka kidogo.

"Umekosea zamu," alininong'oneza.

"Sikukosea."

Tukapiga magoti, yeye kulia, mimi kushoto kwake. Mchungaji alimpa kikombe, akanywa. Mchungaji akakifuta kwa kitambaa, akakigeuza kidogo, akafika mbele yangu na kusimama. Alinitazama kana kwamba ananipa nafasi ya kuondoka. Nje mbuzi wa jirani alilia. Niliinua mikono yangu, nikakivuta kikombe mwenyewe. Sikuonja utamu wala uchungu. Niliona tu kwamba kiu niliyokuwa nayo tangu Kagunga ilikuwa bado ipo, na kwamba sasa imepata mahali pa kuishia.

Nje, watu walikuwa wakipongezana uwanjani. Tulipotoka wawili, uwanja ukafunguka. Hakuna aliyetutukana. Walisogea tu, hatua moja, hatua mbili, mpaka nikajikuta nimesimama ndani ya lile duara la mchanga, safari hii nikiwa upande wa ndani. Mama Bukuru alimfunika mjukuu wake macho, kana kwamba tuko uchi. Yule mtu wa Mwanga sikumwona. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda zake kabla ya baraka ya mwisho. Nikamwambia Dorika, "Siku ile nilisema sikujui." Akasema, "Nilikusikia." Nikangoja aongeze neno. Akajifunga kanga yake vizuri. "Nina vyungu motoni," akasema, akaenda. Hakunisamehe siku ile, na sikuona ajabu.

Bi Zaina alikuwa ametupikia wali wa sherehe. Walikula wawili, yeye na Raheli, mimi sikula. Mama alirudi mchana umekwenda. Aliingia chumbani, akafunga dirisha la mbao, akakaa kitandani. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote: mawe, uji, siku tatu, mara tatu kwa siku. Nilimwambia Raheli aliishi kwa kikombe kile, na kwamba mimi ndiye niliyemdanganya mama yangu alipolala. Nilimaliza, nikangoja anifukuze.

"Unadhani nilikuwa nimelala?" alisema Mama.

Sikumwelewa.

"Kanga ile ilikuwa imetoboka. Nilikuwa macho. Nilikuona unamwinua, nikakuona unazunguka mawe. Nilihesabu kila mara mlipokwenda. Siku mlipochelewa nilidhani amekufia huko." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ningefanyaje, Marita? Ningekuambia nenda, ningekuwa nimekutuma, na wale watu wananitazama. Ningekuambia usiende, mtoto angekufa. Kwa hiyo nililala. Na nimelala mwaka mzima, mwana wanje, mwanangu. Leo umenivua ile kanga usoni, watu wote wanaona."

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja chumbani kwetu, wala ile iliyofuata. Mama alifagia, akatandika mkeka, akakaa mlangoni akisikiliza kama tulivyosikiliza boti Kagunga. Jumapili ya tatu hakutandika. Alijifunga kanga, akamshika Raheli mkono, akaniambia, "Nionyeshe Luiche."

Tulimkuta Dorika nje ya kibanda chake, mikono ina udongo mpaka viwikoni, chungu chake kidogo kiko juu ya mafiga. Alituona kwa mbali, lakini hakuinuka. Raheli alimkimbilia kama kawaida yake. Mama yangu, aliyekuwa amekipindua kikombe kwa mguu, alikwenda akakaa chini kwenye vumbi, karibu naye kiasi cha magoti kugusana. Kikombe kilikuwa pale juu ya jiwe. Mama alikitazama. Alifungua kinywa mara moja, akakifumba. Nilijua anatafuta maneno ya radhi, na niliona hayapati, kwa kuwa lugha yetu haikuwa imewahi kuyahitaji maneno ya mtu kama yeye kumwambia mtu kama huyu.

"Nina kiu," alisema mwishowe. "Naomba maji."

Dorika alimwangalia Mama usoni, kisha akamwangalia mguuni, na mimi pale nilipokuwa nimesimama niliomba kama sijawahi kuomba, maana ilikuwa haki yake kabisa kukataa. Mama naye alijua. Hakuondoa mguu wala hakuuficha. Basi Dorika alipangusa mikono yake, akasukuma kijiti kimoja ndani ya moto, akachungulia chungu.

"Subiri kidogo, Mama," akasema. "Hayajachemka."

Tukakaa wote wanne, tukasubiri.